Kigundua metali cha kwanza cha kutafutia sarafu: kina si swali la kuanzia

Swali ambalo karibu kila mnunuzi mpya huanza nalo ni moja: mashine hii inafika kina gani? Wauzaji wanalijua, na wengi hutangaza kina kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtu anayetafuta sarafu, swali hilo humpeleka kwenye mashine isiyomfaa. Sarafu nyingi zinazookotwa na watafutaji huwa zimelala ndani ya sentimita 20 za juu za ardhi, na mashine yoyote ya heshima inafika hapo. Kinachomshinda anayeanza ni mambo mawili mengine: udongo wenyewe, wenye madini yanayoipigia mashine kelele, na takataka za chuma na alumini zilizojaa kila mahali watu walipowahi kukaa, kucheza au kufanya biashara. Mashine ya kwanza ichaguliwe kwa namna inavyoyakabili mambo hayo mawili.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana bila hapo maneno ya kwenye tangazo hayasomeki. Ile sahani unayoipitisha juu ya ardhi ina koili za waya ndani yake. Moja inapitisha umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na hivyo inatengeneza uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga huo ukikuta metali, unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake hafifu, na koili ya pili ndiyo inayousikia. Kwa maneno mengine, sarafu hailii yenyewe. Inaitikia ilichoitiwa, na mwitikio wake huchelewa kidogo. Ucheleweshaji huo ndio mashine inaoupima ili kukisia kilichoko chini ni metali ya aina gani.

Safari hiyo ni ya kwenda na kurudi, na uga hudhoofika njia zote mbili. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kidogo na koili, ukiongeza umbali mara mbili, ishara inayorudi hushuka takriban mara 64. Hii ndiyo sababu hakuna mashine ya mkononi itakayokuonyesha sarafu moja iliyo mita mbili chini, hata ingegharimu kiasi gani. Mita zinazotajwa kwenye matangazo, zikiwa za kweli, ni za vitu vikubwa kama pipa au sanduku la chuma. Sarafu ya kawaida katika udongo mzuri husikika vizuri hadi sentimita 20 hivi, na mashine bora mikononi mwa mtu mzoefu hufika 25 au zaidi kidogo.

Kwa sababu hiyohiyo, kaa mbali na vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kuonyesha dhahabu au fedha kutoka mamia ya mita. Kwa kawaida ni kishikio chenye antena inayoyumba, wakati mwingine kina kioo na taa za kupendeza. Antena inayumba kwa sababu mkono unayumba, basi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vifaa vya ukoo huo, maarufu zaidi ukiwa ADE 651, kama vigunduzi vya mabomu. Asili yake ilikuwa kidude cha bei rahisi kilichouzwa kuwa kinatafuta mipira ya gofu, na ndani hamkuwa na chochote kinachofanya kazi. Nasisitiza hili kwa sababu wanaonaswa mara nyingi ni watu wenye akiba ndogo na matumaini makubwa, na muuzaji huwaomba pesa nyingi kuliko mashine mbili za kweli zingegharimu.

Mashine za kweli nazo ziko za namna tatu. Ya kwanza ni VLF, yaani ya masafa ya chini sana, ambayo hutuma wimbi moja mfululizo, aghalabu kati ya kHz 5 na 20 (kHz, yaani kilohezi, ni mizunguko elfu moja kwa sekunde). Ya pili hutuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja na kulinganisha majibu yake. Ya tatu hutuma mapigo mafupi ya umeme kisha husikiliza katika upenyo baina ya pigo na pigo. Hii ya mapigo haisumbuliwi sana na udongo mbaya wala maji ya chumvi, na ndiyo maana wachimba dhahabu na watafutaji wa ufukweni huipenda. Udhaifu wake ni kwamba kwa sehemu kubwa haiwezi kukuambia kama kilichoko chini ni msumari au sarafu, na katika uwanja wenye misumari 500 utachimba mashimo 500. Mtafuta sarafu anayeanza aiache.

Baina ya mbili zilizobaki, bajeti ndiyo huamua, na hakuna aibu kuanza na ya wimbi moja. Masafa ya chini, tuseme kHz 5 hadi 8, yanapatana na sarafu nene za fedha na shaba. Masafa ya juu huamsha zaidi vitu vidogo na vyembamba, kama mkufu au punje ya dhahabu. Garrett ACE 250, iliyowaingiza watu wengi katika kazi hii, ilikuwa ya kHz 6.5 tu, na sarafu ilizifukua. Kama una uwezo wa kununua ya masafa mengi, soma maelezo kwa makini: mashine nyingine husifiwa kuwa na masafa manne au matano, kumbe unachagua moja kila unapoanza kazi. Hilo lina manufaa yake, lakini si sawa na kuyatuma yote kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapa ndipo pesa ya ziada inapofanya kazi. Mashine nyingi za leo zina kioo kinachoonyesha namba, mara nyingi kati ya 0 na 99. Chini kabisa hukaa chuma, katikati karatasi za alumini, vifungulio vya makopo ya vinywaji na vitu vya dhahabu, juu shaba, na juu zaidi fedha, ambayo ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote. Mpangilio huo hufuata si aina ya metali peke yake bali pia unene, umbo na ukubwa. Kipande kikubwa cha alumini kinaweza kupanda hadi mahali pa sarafu, na sarafu nyembamba ya fedha ikateremka kuliko ulivyotarajia. Kila kampuni ina kipimo chake pia, hivyo 70 ya mashine moja si 70 ya nyingine. Sarafu ikiwa imezama sana, namba huanza kuyumba, na katika udongo wenye chuma huelekea upande wa chuma.

Katikati ya kipimo ndiko mtihani ulipo. Senti tano ya Marekani, ambayo ni asilimia 75 shaba na 25 nikeli, inakaa jirani na vifungulio vya makopo. Pete za dhahabu hukaa humohumo. Ukiiambia mashine inyamaze kila ikikuta kifungulio, umeinyamazisha kwa pete na kwa senti tano pia. Kwa hiyo mashine nzuri ya kuanzia si ile yenye kitufe kimoja cha kuficha takataka, bali ile inayokuruhusu kuchagua mwenyewe vipande vya kipimo vya kuzima, na zaidi ya yote inayotoa milio tofauti: mzito kwa chuma, wa kati, na mwembamba kwa shaba na fedha. Sikio huzoea haraka kuliko jicho. Mashine yenye mlio mmoja kwa kila kitu itakuchosha, na mtu aliyechoka hachimbi kitu.

Kuna jambo lisilosemwa vya kutosha: sarafu nyingi za siku hizi ni chuma. Uingereza ilianza mwaka 1992 kutengeneza peni moja na mbili kwa chuma kilichopakwa shaba. Senti 1, 2 na 5 za euro ni chuma kilichofunikwa shaba pia. Marekani ilichukua njia nyingine: senti moja iliacha shaba mwaka 1982 na kuwa zinki iliyopakwa shaba, wakati sarafu zake za senti 10 na 25 zilizotengenezwa hadi 1964 zina asilimia 90 ya fedha. Sarafu yenye moyo wa chuma huichanganya mashine; mara hulia kama msumari, mara huruka juu. Basi kabla ya kununua chochote, chukua sumaku na kiganja cha sarafu unazotarajia kuzitafuta, za sasa na za zamani. Zinazonasa, ujue kichujio cha mashine cha kunyamazisha chuma kinaweza kuzipoteza. Zisizonasa ndizo mashine itakazokuletea kwa furaha, na bahati nzuri sarafu za zamani mara nyingi ziko upande huo.

Tazama sasa namba na mlio vinavyofanya kazi pamoja. Unapitisha koili, inalia wembamba, kioo kinaandika 81. Unarudi: 82. Unarudi tena: 81. Unajizungusha robo mzunguko kulizunguka lile eneo na kupitisha koili kwa upande mwingine: 82 bado, na mlio umekatika safi pande zote mbili kama mwanzo. Chimba. Siku nyingine unapata 79, kisha 43, kisha kimya. Ukizunguka robo, mlio mzito wa chuma unajitokeza. Huo mara nyingi ni msumari uliopinda au kipande cha bati, ambacho upande mmoja kinajifanya shaba. Wakati mwingine, hata hivyo, ni sarafu iliyolala ubavuni mwa msumari, na sarafu iliyosimama wima nayo hutoa ishara nyembamba yenye wasiwasi. Mwanzoni chimba hata zile za mashaka. Utafukua uchafu mwingi, lakini kila kipande cha uchafu kilichotolewa ni mlio uliojifunza.

Chuma kuificha sarafu si kero ndogo. Ni tatizo la asili la kifaa hiki. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliletwa akiwa na kifaa cha koili kuitafuta risasi mwilini. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi. Lakini mgonjwa alilala juu ya godoro lenye springi za chuma zilizovuruga ishara, na daktari mkuu aliruhusu upande wa kulia tu upimwe, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Mtafutaji wa leo kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa anapambana na springi zilezile. Dawa yake ni mbili. Moja ni kasi ya mashine kujirudia baada ya kusikia kitu: ikiwa bado inamalizia kulia msumari huku koili imeshapita juu ya sarafu, sarafu imekwenda. Maelezo ya mashine za kisasa huitaja kasi hii, na nyingine hukuruhusu kuirekebisha.

Dawa ya pili ni koili ndogo. Koili kubwa ni kama mwanga wa taa pana, inaona eneo kubwa lakini inavichanganya vilivyomo. Mashine nyingi huja na koili ya sentimita 23 hadi 28, na hiyo inatosha kwa kuanzia. Unaponunua, hakikisha tu kwamba kampuni inauza pia koili ya sentimita 15 hivi kwa mashine hiyohiyo, kwa ajili ya sehemu zenye vyuma vingi. Tamaa ya koili kubwa kupita kiasi iache: inaongeza uzito, inaokota takataka mbili kwa mlio mmoja, na kwenye vitu vidogo huenda isiongeze kina hata kidogo. Kuhusu umbo la waya, utakutana na koili zenye duara ndani ya duara na zile zinazoitwa DD, ambamo koili mbili zenye umbo la herufi D zimepishana katikati. Ile ya kwanza uga wake unasinyaa kuelekea chini, hivyo inaonyesha kwa usahihi kitu kilipo. DD inasikia kwa mstari mwembamba wa kutoka mbele hadi nyuma, inavumilia zaidi udongo wenye madini, na inatenganisha vitu vilivyokaribiana. Ningechagua DD isipokuwa udongo wako ni mwepesi kabisa.

Udongo huo ndio unaonipa sababu ya kulipigia debe jambo moja kuliko mengine yote: uwezo wa kusawazisha udongo. Udongo mwekundu, mchanga mweusi na mawe ya volkano vina oksidi za chuma zinazoijibu mashine bila kukoma. Mashine isiyo na njia ya kusawazisha imepangwa kiwandani kwa udongo wa wastani, na kwenye udongo mgumu italia kila ukiiinua na kuishusha, au itazimika masikio mpaka sarafu ya sentimita 8 isisikike. Yenye kusawazisha hukupa nafasi ya kuifundisha: unatafuta mahali pasipo metali, unashika kitufe, unashusha na kuinua koili mara kadhaa hadi kelele inyooke, kisha unaanza kazi. Nyingine hujirekebisha zenyewe kadiri unavyotembea. Kama fedha yako inatosha sifa moja tu ya ziada, nunua hii, hata kabla ya kioo kizuri au mawasiliano yasiyo na waya.

Ufukweni ni habari nyingine. Mchanga mkavu hauna shida. Mchanga uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine ya wimbi moja huuona kama metali iliyotandazwa kila mahali. Unaweza kupunguza usikivu ikatulia, lakini na kina kitapungua. Anayejua kwamba sehemu kubwa ya utafutaji wake itakuwa kwenye maji ya chumvi ajikaze anunue ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Tena aulize ni sehemu gani haiingii maji, kwa kuwa katika mashine nyingi za bei nafuu ni koili pekee. Boksi la vitufe likimwagikiwa na wimbi, limekufa.

Usikivu huo una ugonjwa wake. Kila anayeanza huuweka juu kabisa, akidhani ananunua kina. Karibu na nyaya za umeme au mnara wa simu mashine huanza kubwabwaja, na kwenye udongo mkali vilevile. Punguza mpaka itulie. Mashine tulivu iliyo chini kidogo inaokota sarafu ambazo ile yenye kelele inazifunika kwa kelele zake.

Uzito unastahili kuupima kwa mkono wako mwenyewe. Nyingi huwa kati ya kilo 1 na 1.5, tofauti inayoonekana ndogo dukani na inayouma begani baada ya saa tatu. Iliyo nzito kidogo lakini imesawazika kwenye kiwiko ni bora kuliko nyepesi inayoinamia mbele. Betri si za kukuumiza kichwa. Za kuchaji zinapunguza gharama, za kununua dukani zinakuokoa mbali na umeme.

Usimalize pesa yote kwenye mashine. Hedifoni zinakupa milio hafifu ambayo upepo ungeimeza. Kijembe imara cha mkono chenye ncha kali kinakata shimo dogo safi. Na kuna kifaa kidogo cha mkononi, mfano wa karoti, unachokiingiza shimoni kukuonyesha sarafu iko upande gani wa udongo ulioufukua. Ningenunua mashine ya daraja moja chini ili nipate kifaa hicho. Bila hicho utapekua bonge la udongo kwa vidole huku sarafu yenye rangi ya udongo ikipita mbele ya macho yako, au utaichoma kwa kijembe na kuiharibu uso. Ukishaipata usiisugue, hata kwa kitambaa. Sarafu ya zamani iliyong'arishwa hupoteza thamani yake kwa mkusanyaji, na mikwaruzo haifutiki.

Sheria uziulize kabla ya mashine, kwa sababu zinaweza kuamua kama unaihitaji kabisa. Nchini Ireland ni kosa kutafuta vitu vya kale kwa kigundua metali bila kibali. Marekani ina sheria ya mwaka 1979 inayolinda vitu vya kiakiolojia vyenye zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi ya serikali kuu. England, Wales na Ireland Kaskazini zinafuata sheria ya hazina ya mwaka 1996, na anayepata hazina huitolea taarifa ndani ya siku 14. Popote pale, ruhusa ya mwenye ardhi haina mbadala, na mahali palipowahi kupiganwa vita, mlio mkubwa wa kina huenda ukawa bomu. Hapo hupachimbi, unapaacha na kutoa taarifa.

Utaratibu huu una faida kwa kila mtu. Mwezi Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, nchini Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani, na rafiki yake akaja na mashine kuitafuta. Akakuta sarafu. Waliposhaona ni nyingi, waliacha kuchimba na kuita wataalamu, ambao siku iliyofuata walilitoa rundo likiwa bado limepangika. Zilikuwa 14,865, nyingi za fedha na 569 za dhahabu, za mwisho wa utawala wa Warumi, na kwa kuwa hazikuvurugwa wataalamu waliweza kutambua kwamba zilifukiwa ndani ya sanduku la mbao. Nyundo nayo ilipatikana, na iko katika jumba la makumbusho la British Museum.

Ukishapunguza orodha ikabaki mashine mbili au tatu, nenda ukazijaribu ukiwa na sarafu moja, msumari mmoja na kifungulio cha kopo. Usizijaribu hewani peke yake, maana hewa haina madini, na kila mashine hupata kina kizuri hewani. Omba utoke nje, uweke koili juu ya udongo usio na metali, uiinue na kuishusha, isikike inavyojibu. Weka sarafu chini, msumari sentimita tano pembeni yake, na upitishe koili taratibu kisha haraka, kwa upande huu na ule. Itakayokupa mlio wa sarafu hata kwa upande mmoja inakufaa kuliko itakayokupa kina zaidi bila msumari. Kama muuzaji hakuruhusu, au unanunua kwa mtandao, tafuta mwongozo wake na usome sehemu ya kusawazisha udongo kabla ya kulipa. Usipoikuta sehemu hiyo, chukua kwamba imepangwa kiwandani mara moja tu, na uamue kulingana na udongo wa mahali utakapochimba.